Anataka laki sita ili "asukume" jina langu bodi ya maji. Nimpe?

SWALI: Mimi ni mhasibu mstaafu wa halmashauri, nina CPA, naishi Ujiji. Muda wa bodi ya mamlaka moja ya maji mkoani kwetu unakaribia kwisha. Kada mmoja anayejulikana sana hapa ananiambia anaweza kulifikisha jina langu kwa wakubwa, ila faili linahitaji kusukumwa kwa laki sita: mbili sasa, nne jina likipita. Najua si jambo zuri, lakini naona ndivyo mambo yanavyokwenda. Nikishaingia nitafanya kazi yangu kwa haki, sitakuwa mtu wa mtu. Ushauri wako ni upi? Na wasifu wangu niupeleke wapi?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Laki sita usitoe. Kwamba ni rushwa unajua mwenyewe, na unajua pia kwamba sheria inamshika mtoaji sawa na mpokeaji, kwa hiyo huko sitakaa. Kinachonikosesha raha ni ile "nikishaingia nitafanya kazi yangu kwa haki". Naisoma karibu katika kila swali la namna hii, na wanaoiandika huwa ni watu waadilifu kabisa.

Kwanza huyo dalali. Wajumbe wa bodi za mamlaka za maji huteuliwa na Waziri mwenye dhamana ya maji, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019. Majina hupendekezwa, hufanyiwa upekuzi, kisha anayeteuliwa hupewa barua. Hakuna ada ya faili wala ya upekuzi, na hakuna fomu inayouzwa. Anachofanya dalali ni hesabu rahisi: anachukua laki mbili mbili kwa watu watano. Mmoja akiteuliwa kwa sifa zake, dalali anadai ni kazi yake na kuchukua zile nne. Wanne waliobaki anawaambia safari hii upepo umegeuka, wasubiri awamu ijayo. Hajampigia simu mtu yeyote, na hakuna atakayemshitaki kwa sababu wote wametoa.

Sasa tuseme huyu wa kwako si tapeli, kweli anasikilizwa huko juu. Hapo ndipo pabaya zaidi.

Ujumbe wa bodi hauna mshahara. Kuna ada ya mwaka na posho ya kikao, na vikao vya kawaida ni vya kila robo mwaka. Mtu anayehangaika kukuingiza hatafuti mgawo wa posho yako. Wengi hudhani anatafuta zabuni au ajira za ndugu zake, lakini bodi ya wakurugenzi haigawi zabuni. Ununuzi uko chini ya Afisa Masuuli, yaani mtendaji mkuu wa taasisi, na bodi ya zabuni, ambayo ni chombo kingine kabisa, na unapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Ajira nazo huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira. Mjumbe anayeahidi kumwingiza mtoto wa mtu kazini anaahidi kisicho mkononi mwake.

Anachohitaji mfadhili wako ni kimoja, nacho hakiachi alama: unyamaze.

Wewe ni mhasibu, basi tuifanye kwa namba za mfano. Makabrasha ya kikao yana jedwali la uzalishaji. Mamlaka inazalisha mita za ujazo 10,000 kwa siku na kuuza 6,500. Upotevu ni asilimia 35, wakati kiwango cha juu ambacho EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inakubali ni asilimia 20, yaani mita 2,000. Zinazozidi hapo ni mita 1,500 kila siku. Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa uniti, yaani mita moja ya ujazo, hizo ni shilingi 2,250,000 kwa siku, zaidi ya milioni 67 kwa mwezi. Si zote zinavuja ardhini. Nyingine zinapita kwenye maunganisho ya kuchepusha dira, au kwa mteja ambaye dira yake "imeharibika" mwaka mzima na anakadiriwa uniti 15 kwa mwezi ilhali ana nyumba ya wageni ya vyumba 30.

Geuza ukurasa, uje kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Jina la nne ni la huyo huyo aliyekusukumia faili, au la shemeji yake, miezi 14 hajalipa. Mkaguzi wa ndani ameshaandika hoja hiyo mara mbili na menejimenti imejibu "tunalifanyia kazi". Hapo mjumbe mwenye kazi yake anauliza maswali matatu: huduma imesitishwa tarehe gani, nani aliidhinisha irudishwe, na mkataba wa kulipa kwa awamu uko wapi. Wewe utaangalia kabrasha kana kwamba unatafuta ukurasa. Hujaiba hata senti, na dhamiri yako itakuambia bado u safi. Ajenda inapita, muhtasari unaandika kwamba wajumbe walijadili na kupokea taarifa. Jina lako limo.

Na muhtasari hautofautishi mwizi na mwenye haya. Desemba 2015 Rais Magufuli aliivunja bodi ya Mamlaka ya Bandari, Aprili 2016 akaivunja ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Bodi inapovunjwa huvunjwa yote. Kama hukutaka pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari kwa jina, ulikubali.

Kuhusu wasifu wako. Anza na sheria iliyoanzisha taasisi unayoitaka, usianze na mtu. Mara nyingi mwishoni mwa sheria kuna jedwali linaloeleza bodi ina watu wangapi, wanatoka makundi gani, nani anateua na kwa muda gani. Taratibu hazifanani: kwa EWURA, sheria yake imeweka Kamati ya Uteuzi na nafasi hutangazwa, kwenye mamlaka za maji viti vingi vinaangalia makundi, kama wafanyabiashara, wateja wakubwa na wanawake. Ukijua kundi lako, andika barua ya ukurasa mmoja kwa Katibu Mkuu wa wizara husika, na kama unaingia kupitia kundi, pitia uongozi wa kundi hilo. Ambatisha wasifu usiozidi kurasa tatu, namba yako ya usajili NBAA, bodi ya wahasibu, na utaje hesabu za taasisi ulizowahi kusimamia. Tamka wazi mgongano wa maslahi kama upo, hata kama ni mwanao anayeuza mabomba. Barua ikipokelewa, dai nakala yenye muhuri na tarehe.

Ukiteuliwa, barua halisi itataja kifungu cha sheria, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la aliyesaini. Ikija kwa WhatsApp yenye muhuri tu, piga simu wizarani kabla hujawaambia majirani.

Nasema haya kwako, lakini ugonjwa haujaishia mamlaka za maji za miji. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ameeleza zaidi ya mara moja kwamba kuna taasisi za umma zinazoendeshwa bila bodi kwa sababu za zamani zimemaliza muda, na kila pengo la namna hiyo ni soko kwa madalali. Wako pia kwenye vyombo vya maji vya vijiji vilivyo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wako kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za tumbaku Urambo na Kaliua, ambako sheria ya ushirika ya 2013 inataka bodi ichaguliwe na wanachama, lakini mtu anapangiwa kiti kwa sababu aliangushwa kura za maoni na inabidi "apozwe". Aliyepozwa kwa kiti cha AMCOS hataweza kuhoji mkopo wa pembejeo uliochukuliwa kwa jina la wanachama wote, na makato yanapokuja kwenye malipo ya tumbaku yanamfikia hata mkulima aliyelipa pembejeo zake zote. Bodi si dawa ya kumpoza mtu. Mnaokaa kwenye mikutano hiyo, likitajwa jina ulizeni amewahi kusoma mizania, na kama anadaiwa na chama.

Kwa huyo kada wako, usimjibu chochote zaidi. Ujumbe wake wa laki mbili na nne usiufute kwenye simu. TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bila malipo.