Jibu: Kiolezo cha PowerPoint ndani ya Storyline

Ndugu, umeuliza kama zile slaidi zenu za mafunzo ya wakulima wa zabibu, zilizotengenezwa kwa kiolezo cha PowerPoint, ni lazima uzijenge upya kwenye Storyline, programu ya kutengeneza kozi za mtandaoni. Hapana, usijitese. Ila kabla hujaingiza chochote, rekebisha saizi ya slaidi. Storyline kwa muda mrefu imekuwa ikianza na pikseli 720 kwa 540, yaani uwiano wa 4:3, wakati PowerPoint tangu toleo la 2013 huanza na 16:9. Ukipuuza hili, mpangilio wote utavurugika. Mimi nilipoteza siku mbili hapa Dodoma nikirudisha nembo ya mteja mahali pake, slaidi moja moja. Iliniuma sana.

Kubwa zaidi ni hili: nembo, rangi na fonti vikae kwenye slaidi kuu (Slide Master), ile inayobeba muundo wa slaidi nyingine, visibandikwe juu ya kila slaidi. Slaidi kuu huingia pamoja na faili, na ukibadilisha rangi pale, slaidi zote zinazoitegemea hubadilika. Michoro ya SmartArt, ile ya maelezo inayotengenezwa ndani ya PowerPoint, huingia kama picha, kwa hiyo maneno yake hutaweza kuyahariri tena. Kagua na uhuishaji pia.

Ukisharidhika, hifadhi mradi kama kiolezo cha Storyline, faili la .storytemplate, ili kozi ya mtama au alizeti ianzie hapo.

Na kama kozi yenyewe ni maelezo na maswali machache tu, fikiria iSpring Suite, programu nyingine ya kutengeneza kozi. Hiyo hukaa ndani ya PowerPoint yenyewe, kiolezo chenu hakihami kabisa.