Maswali ya Wasomaji: Kelele Zilizofanyiwa Mazoezi Miezi Minane

Swali: Asalaam aleikum Maalim. Mimi ni kijana wa Wete. Kaka yangu amerudi safari na kuniletea albamu ya roki ya Kimarekani iitwayo Trout Mask Replica, ya Captain Beefheart na bendi yake. Anasema wahakiki wakubwa wanaisifu tangu 1969, na nisipoipenda basi sijui muziki. Nimeisikiliza mara mbili. Magitaa yanagombana, ngoma zinashika njia yake, na mwimbaji anaunguruma kama mtu asiyewasikia wenzake. Naona hawa hawajui kupiga. Je, ni mimi nisiyejua, au wahakiki wanatudanganya?

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu. Kaka yako amekosea, tena mwambie mimi nimesema. Kupenda muziki hakuamrishwi. Hata wahakiki wenyewe hawakuipokea kwa moyo mmoja. Mhakiki Lester Bangs aliisifu sana katika jarida la Rolling Stone mwaka ule ule wa 1969. John Peel, mtangazaji wa BBC, aliihesabu kuwa kazi ya sanaa hasa, na Uingereza ilipanda hadi nafasi ya 21 katika orodha ya mauzo. Lakini Robert Christgau, mhakiki wa New York, aliipa alama ya B+ akaeleza kwamba angetamani kuipa A ila ni ya ajabu mno. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza, na hakuona aibu kusema hivyo. Basi na wewe usione aibu.

Neno lako moja tu nalikataa, nalo ni kwamba hawajui kupiga. Hilo si suala la kupenda au kutopenda, ni suala la ukweli, na si kweli.

Don Van Vliet, ambaye ndiye Captain Beefheart, aliwaweka vijana wake katika nyumba moja Woodland Hills, pembeni ya Los Angeles, kwa muda wa miezi minane hivi. Walikuwa wakifanya mazoezi mpaka saa 14 kwa siku. Kila kinachokuudhi, kila gitaa linaloingia pasipo pake, kimekaririwa. Walipoingia studio kwa Frank Zappa, aliyesimamia albamu hiyo, walipiga nyimbo 20 hivi bila sauti ya mwimbaji katika kikao kimoja cha saa sita au pungufu. Nimepiga fidla katika taarab miaka mingi, na nakwambia watu wasiojua kupiga hawawezi hilo. Watasimama katika wimbo wa tatu waanze kulaumiana.

Kuhusu mwimbaji asiyewasikia wenzake, sikio lako limesikia sawa kabisa! Van Vliet alikataa kuvaa hedifoni wakati wa kurekodi sauti. Alichokisikia ni kile kidogo kilichopenya kwenye kioo cha studio. Ndiyo maana maneno yake mara yanatangulia, mara yanachelewa. Mtu aliyegundua hilo bila kuambiwa hawezi kuitwa asiyejua muziki.

Kwa nini basi inakuchosha? Fikiria kidumbak, ngoma yetu ya harusini. Tuna ngoma mbili ndogo, moja imeshika mdundo, ya pili inauchezea. Sanduku, lile besi letu la uzi mmoja, linavuma chini na fidla inapanda juu. Ukipotea, mkwasa, vile vijiti viwili vya kugonganisha, unakurudisha, tak, tak, na kiuno chako kinajua kilipo. Katika albamu hii mkwasa haupo. Kila mpigaji ana kipande chake, na vipande havina urefu mmoja. Chukua mfano huu: mmoja anazunguka kwa mapigo 5, mwenzake kwa mapigo 7. Wakianza pamoja, watakutana tena baada ya mapigo 35. Katikati hapo kila mmoja yuko sahihi na wote wawili wanasikika kama wamepotea. Jaribu mwenyewe kwa vidole juu ya meza, mkono huu 5, ule 7, polepole. Mimi nilijaribu barazani jioni nzima kabla mkono wa kushoto haujatii.

Ninalitetea hili kwa uchungu, na sababu ninayo. Miaka mingi nyuma tulipiga Forodhani, na baada ya onyesho mgeni mmoja akanijia kwa upole mkubwa kuniambia kwamba fidla yangu haikutiwa sauti vizuri. Tulikuwa katika Rast, moja ya maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Sauti ya tatu ya Rast inakaa katikati ya mbili anazozijua yeye kwenye piano yake, na kidole changu kilichukua miaka kujifunza kutua pale pale, si juu, si chini. Kile nilichokihangaikia kuliko vyote ndicho alichokisikia kama kosa. Sikumjibu. Nilifungua sanduku la fidla, nikafunga, nikaenda zangu. Yeye alikuwa na haki ya kutoupenda wimbo. Kusema nimekosea hakuwa nayo.

Sasa nikuombe jambo moja. Usiisikilize nzima, kwani ni santuri mbili zenye vipande 28, karibu dakika 79. Hakuna sikio linaloanza hivyo. Chukua wimbo wa kwanza tu, Frownland, haufiki dakika mbili. Vaa hedifoni, kisha toa ya sikio moja, ufuate gitaa lililobaki mpaka mwisho. Kesho badilisha sikio. Siku ya tatu vaa zote mbili. Halafu nenda kwenye The Dust Blows Forward 'n the Dust Blows Back, ambamo Van Vliet yuko peke yake bila chombo chochote. Sikiliza baina ya mistari, utasikia tik, tik. Hicho ni kitufe cha mashine ya kurekodia. Anasimamisha, anatafuta mstari unaofuata, anabonyeza tena. Mie tik ile ilinifungulia mlango kuliko gitaa lolote, kwa sababu nilimwona mtu chumbani anafikiri.

Matt Groening, mchoraji aliyebuni The Simpsons, aliinunua akiwa na miaka 15 akaiona ndiyo takataka mbaya kuliko zote alizopata kuzisikia. Akairudia. Polepole akang'amua kwamba wanafanya makusudi, na baada ya kuisikiliza mara sita au saba ikawa albamu anayoipenda kuliko zote. Labda na wewe yatakukuta hayo, labda hayatakukuta. Ukifika ya saba na bado inakukera, iweke kando na umrejeshee kaka yako bila kuomba radhi.

Swali: Maalim, mimi ni mvuvi wa Mkokotoni. Mwanangu kanionyesha jalada la albamu yenye mtu mwenye kichwa cha samaki. Ni samaki gani yule? Huku hatuna.

Jibu: Ni karpi, samaki wa maji baridi, ndiyo maana huijui sura yake. Jina la albamu linataja trauti, samaki mwingine kabisa, kwa hivyo usidhani jicho lako limekosea. Kichwa kilikuwa cha kweli. Van Vliet alikishika mbele ya uso wake huku amevaa kofia, na Cal Schenkel ndiye aliyebuni jalada. Wewe unajua zaidi yangu kichwa kibichi kinanukaje chini ya taa kali.

Swali: Maalim, niko Chake Chake. Mwenzangu wa maskani anashikilia kwamba Captain Beefheart aliitunga albamu hiyo nzima kwa saa nane na nusu kwenye piano. Tumebishana mpaka tukanuniana. Nani mkweli?

Jibu: Hadithi ya saa nane na nusu Van Vliet mwenyewe aliieneza, na wahakiki waliipenda sana. Waliopiga walisimulia vingine. Van Vliet hakuwa mpiga piano. Alikuwa akigonga vipande mpaka kimoja kimpendeze, na mpiga ngoma wake John French ndiye aliyekaa pale kuviandika kwa noti, akaviunga, kisha akamfundisha kila mmoja sehemu yake. Hiyo ni kazi ya miezi.

Na nyumba ile haikuwa na raha. French alieleza kwamba kuna mwezi walikula kikombe kidogo cha soya kwa siku. Baadhi yao walikamatwa kwa kuiba chakula dukani, na Zappa akaenda kuwatoa. Waliokuwemo walisimulia pia matusi na vipigo. Mimi albamu ile naipenda, lakini sitaki kuisikia ikisifiwa kama mwujiza wa mtu mmoja. Nimewaona kwetu pia wapigaji wanaobeba wimbo usiku kucha, na asubuhi anatajwa mwimbaji peke yake.

Van Vliet alifariki Desemba 2010, na Aprili 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani ikatangaza kuitia albamu hii katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa. Lakini ilipotoka mara ya kwanza, 1969, jina la John French halikuwemo kwenye jalada. Alikuwa amekwisha kufukuzwa. Kapatane na mwenzako, na mkiwapa wengine albamu hiyo, liandikeni jina lake kwenye kasha: John French, ngoma.