Wasomaji Wanauliza: Dakika Tano za Daktari

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Moshi na Arusha, na kilio ni kile kile: kusubiri nusu siku, kuonwa kwa kupepesa jicho. Tumechagua tano.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 58, nina presha na sukari. Siku ya kliniki nafika hospitali saa kumi na mbili asubuhi, naingia kwa daktari saa sita mchana. Ananihudumia dakika nne, macho yake kwenye kompyuta, ananiandikia dawa zile zile. Nikishapanda daladala ndipo nakumbuka nilichokwenda kuuliza. Nifanyeje?
*Mama wa Njoro, Moshi*

Marahaba, mama, na pole. Katika hospitali za rufaa siku ya daktari haianzii kliniki. Asubuhi kuna kikao cha kupokezana taarifa za usiku, kisha raundi wodini, na mgonjwa aliyezidiwa wodini harukwi. Ndiyo maana kliniki iliyoandikwa saa mbili huchangamka saa nne. Kuwahi alfajiri kunakupatia namba ya mwanzo, hakumleti daktari mapema. Kama kliniki yako ina siku zaidi ya moja kwa wiki, omba tarehe isiyo Jumatatu wala siku inayofuata sikukuu.

Kompyuta nayo mara nyingi si dharau. Dawa isipoingizwa kwenye mfumo, dirisha la dawa hawaioni na bima hailipi. Kwa hiyo zungumza kabla hajaanza kuandika. Akishaanza, nusu ya maneno yako hayasikii.

Na hizo dakika nne si za Moshi peke yake. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ Open yalikusanya takwimu za nchi 67 na kukuta muda wa kuonwa na daktari ukianzia sekunde 48 Bangladesh hadi dakika 22 na nusu Uswidi. Nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani zilikuwa kwenye dakika tano au pungufu. Hatukuambii hivyo ili uridhike, tunakuambia ili ujipange kwa dakika tano, si kwa nusu saa usiyopewa. Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 1984, ulionyesha kuwa mgonjwa alikatizwa na daktari baada ya sekunde 18 kwa wastani. Hizo ni sentensi mbili, na wengi wetu huzimaliza tukizunguka mbuyu: "Daktari, hali yangu bado bado, yaani tangu zile mvua za masika…"

Salamu iwe fupi, kisha toa zito kwanza: "Daktari, wiki mbili sasa miguu inavimba jioni. Na dawa ya presha iliniishia siku sita zilizopita." Hiyo sentensi ya pili ndiyo watu huificha kwa kuogopa kufokewa, na ndiyo yenye hatari kuliko zote. Daktari akiona 170 kwa 100 bila kujua kuwa dawa ilikwisha, ataamini imeshindwa kazi, ataongeza dozi au dawa ya pili. Unafika nyumbani, unameza zote kwa bidii mpya, presha inashuka kwa kishindo, unaangukia chooni usiku. Afadhali ufokewe.

Ukifika kwenye meza ya kupimwa presha, usikubali kupimwa ukiwa unahema. Kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa dakika tano umeegemea, miguu ipo chini na haijapishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Kahawa na tumbaku viwe mbali kwa nusu saa. Kama umepimwa ukitokea kupanda ngazi, sema kwa upole: "Naomba nipimwe tena nikishatulia." Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekasirika.

Kipimo cha sukari ya kufunga kinataka ukae muda wa saa nane bila chakula, maji ruksa. Lakini kama unachoma insulini, uliza mapema, kwenye kliniki iliyotangulia, siku ya kipimo uchome saa ngapi, kisha beba chakula mkobani. Kuchoma alfajiri halafu kukaa na njaa benchini hadi adhuhuri ndiko kunakowaangusha watu kliniki ya sukari.

Maswali yaandike mawili tu, si saba, na karatasi uiweke mezani ukikaa, si ukinyanyuka. Yanayohusu chakula, miguu na namna ya kuchoma sindano, mpelekee muuguzi wa kliniki. Mengi ya hayo anayajua kuliko daktari. Ya dawa ipi inywewe na chakula na ipi haipatani na nyingine ni ya mfamasia dirishani. Beba pakiti zote za dawa unazotumia, na za mitishamba pia. Ukisema tu "ile nyeupe ndogo", daktari hawezi kujua ni ipi.

SWALI: Mume wangu ana homa za jioni, jasho la usiku, kiuno na viungo vinamuuma, wiki ya tano sasa. Tumezunguka vituo vitatu: cha kwanza malaria, cha pili taifodi, cha tatu UTI. Dozi zote amemaliza. Sisi ni wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Hawa madaktari wanabahatisha?
*Mama Yeyo, Ngaramtoni*

Kwa sehemu, ndiyo, na kuna ushahidi wa hapa hapa kaskazini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za Mawenzi na KCMC mjini Moshi, watoto na watu wazima. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Vipimo vya kina vilipofanyika, malaria iliyosababisha homa ilithibitika kwa 14 tu. Na kati ya 450 waliofanyiwa vipimo vya magonjwa yatokayo kwa wanyama, 118 walikuwa nayo: brusela (ule unaowatupisha mimba ng'ombe), homa ya mgunda, homa ya Q na homa za kupe. Zaidi ya robo.

Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimeenea na mambo yameboreka, lakini nacho kina mtego. Kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo aliyemaliza dawa mseto majuzi akipimwa tena na kuonekana "anayo", si lazima dozi imeshindwa. Omba damu isomwe kwa hadubini. Isitoshe, Arusha na Kilimanjaro malaria ni chache sana. Kama mumeo hakusafiri kwenda mikoa yenye mbu wengi, malaria isiwe jibu la kwanza.

Kipimo cha taifodi kinachotumika vituoni, Widal, hakitafuti vijidudu vyenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa ya ugonjwa wa zamani au wa bakteria wengine kabisa. Kipimo kinachoaminika ni kuotesha damu maabara, na damu itolewe kabla ya antibayotiki. Hapo ndipo wengi tunapojiharibia: tunapitia duka la dawa kwanza, vidonge vinne vya "kuzuia zuia", kisha hospitali, na damu haioti kitu. Kuhusu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo wa kupimwa uwe wa katikati: anza kukojoa chooni, kinga kikopo, malizia chooni.

Sasa mrudishe hospitali yenye maabara kubwa, ya wilaya au Mount Meru, na useme haya kwa mpangilio huu: "Homa wiki ya tano. Ametumia dozi hizi tatu." Toa pakiti. "Tunafuga, anazalisha ndama kwa mikono mitupu, tunakunywa maziwa mabichi." Mzee akija na koti lake safi la mjini, daktari hana namna ya kujua kwamba juzi usiku alikuwa anavuta kondo la mbuzi. Usipolisema wewe, hataliuliza, kwa sababu foleni nje ina watu arobaini.

Omba apimwe pia kifua kikuu na virusi vya ukimwi. Homa ya wiki tano yenye jasho la usiku haiachwi bila kuangalia kifua kikuu, hata kama hakohoi sana, na kipimo cha makohozi ni bure. Ikithibitika ni brusela, atapewa dawa mbili kwa pamoja kwa takribani wiki sita. Wiki ya pili atajisikia mzima na kutaka kuziacha. Akiziacha homa inarudi. Maziwa yachemsheni hadi yafoke, hata yale ya kugandisha, kwani kuchachuka peke yake hakuui vijidudu vyote. Wakati wa kuzalisha mnyama avae glavu, na zikikosekana avae mifuko ya plastiki mikononi.

Akikaza shingo, akiongea mambo yasiyoeleweka au akipumua kwa shida, hayo si ya foleni tena. Mpelekeni moja kwa moja idara ya dharura. Huko barua ya rufaa haiulizwi kwanza.

SWALI: Bibi ana miaka 74, anatumia dawa ya presha. Kila mwezi dirishani wanasema "haipo, kanunue nje", na kila duka linatupa boksi la jina jipya. Tumechanganyikiwa.
*Mjukuu, Kibosho*

Jina kubwa kwenye boksi ni la kiwanda. Dawa yenyewe ni neno dogo lililo chini yake, pamoja na namba ya miligramu. Bibi akiandikiwa amlodipine miligramu 5, maboksi matano yenye majina matano lakini neno hilo na namba hiyo ni dawa moja. Hatari ni kinyume chake: ana boksi la zamani na jipya, anadhani ni dawa mbili, anameza zote. Miguu inavimba, kichwa kinazunguka, na mnarudi hospitali mkidhani ugonjwa umezidi. Boksi la zamani likiisha, litupeni.

Dirishani wakisema haipo, msiondoke hivi hivi. Mwambieni mfamasia aandike jina la dawa, miligramu na idadi, na mumuulize kama ipo nyingine ya kundi hilo ambayo daktari anaweza kuibadilishia hapo hapo. Pesa ikiwa haitoshi, nunueni za siku kumi na bibi anywe kila siku. Kunywa leo na kuruka kesho ili zifike mwisho wa mwezi hakumsaidii.

Kama presha yake imetulia, muombeni daktari barua ya kumrudisha kituo cha afya cha karibu, aende hospitali kubwa mara mbili kwa mwaka tu. Na kwa kuwa amevuka miaka 60, kama hana uwezo anastahili msamaha. Nendeni na kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mwende kabla ya siku ya kliniki, maana siku yenyewe naye ana foleni yake.

SWALI: Baba amelazwa siku ya tisa akisubiri upasuaji. Kila siku daktari mpya, kila mmoja ana lake. Nani hasa ndiye daktari wake?
*Binti yake, Sakina, Arusha*

Kwenye hospitali zinazofundisha, mgonjwa ni wa timu. Anayemwona kila asubuhi ni daktari wa mafunzo kwa vitendo, juu yake yupo daktari anayesomea ubingwa, na juu kabisa daktari bingwa ambaye jina lake lipo kwenye faili. Uamuzi wa upasuaji ni wa bingwa. Muulizeni muuguzi wa zamu mambo mawili: bingwa wa baba ni nani, na raundi yake ni siku gani.

Kisha mteueni msemaji mmoja wa familia. Mkija watano kwa nyakati tano, mtapata majibu matano, na si kwa sababu madaktari wanagombana: mmoja ameulizwa kabla majibu ya maabara hayajatoka, mwingine baada ya kutoka. Msemaji awe karibu na wodi raundi ikiisha, na aulize: tunasubiri nini hasa? Damu, kipimo, kitanda cha uangalizi baada ya upasuaji, au nafasi ya chumba? Kila jibu lina dawa yake. Kama ni damu, familia inaweza kuleta wachangiaji: miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanaume akiwa na miezi mitatu tangu achangie mara ya mwisho, mwanamke minne. Walete wamekula na kunywa maji, wasije na njaa wakarudishwa. Kama ni chumba, hamna la kufanya ila kuuliza jina lake lipo la ngapi kwenye orodha.

Siku ya kuruhusiwa, msitoke bila karatasi yenye ugonjwa, kilichofanyika, dawa na tarehe ya kurudi. Ipigeni picha hapo hapo wodini. Karatasi za aina hii zina kawaida ya kupotelea kwenye kanga ya shangazi.

SWALI: Mhudumu ameniomba "ya soda" ili faili langu lipande juu. Nimpe?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Usimpe. Malipo halali hospitali ya serikali hutolewa kwa namba ya malipo na hurudi na risiti. Kisicho na risiti si cha hospitali. Andika saa, dirisha na zamu, kisha nenda kwa mganga mfawidhi siku hiyo hiyo, kabla zamu haijabadilika. Sanduku la maoni hufunguliwa kwa nafasi yake. TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113.