Mwalimu, kile kifaa kinasikiliza nini baharini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Kigombe. Mwezi uliopita walikuja vijana wa utafiti, wakazamisha bomba jeusi kwenye mwamba tunaovulia changu. Wanasema wanasikiliza matumbawe. Wazee wana wasiwasi: kuna wanaosema linafukuza samaki, na kuna wanaosema linanasa maongezi yetu. Je, mawe yanasema?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza niwatoe wazee hofu. Hiyo ni haidrofoni, yaani maikrofoni ya kukaa majini. Kazi yake ni kupokea sauti, yenyewe haitoi mlio wowote wa kumkimbiza samaki. Na maneno mnayosemezana chomboni hayafiki huko chini, maana sauti ya hewani ikigonga maji karibu yote hurudi juu. Itasikia injini yenu, na kasia likigonga ubavu wa chombo.

Mawe hayasemi, ila wanaoishi humo hawanyamazi. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Mwambani. Nilipokuwa na miaka tisa alinichukua usiku kwenda kuvua mshipi. Tulipotia nanga akaniambia nilale kifudifudi, nibandike sikio kwenye mbao za chini. Nikasikia kama chumvi ya mawe iliyotupwa kwenye makaa: pa, pa-pa, pa, bila kukoma. Baba akasema, “Hapa pana wenyewe. Shusha mshipi.”

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha biolojia, ndipo nilipowajua hao wenyewe. Ni kamba wadogo wasiofika urefu wa kidole, wenye gando moja kubwa kuliko jingine. Kamba huyo hulifunga gando kwa kasi kubwa hadi maji yakafanya kiputo, na kiputo kile kinapopasuka ndipo tunaposikia “pa”. Kwenye mwamba mmoja wamo maelfu. Mchana huongezeka pono, ambao wakikwangua matumbawe kwa meno hata mpiga mbizi huwasikia. Chewa naye ana mngurumo wake. Na majira ya kusi, nyangumi wanapopita pwani yetu, madume huimba na wimbo wao hufika mbali sana. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, wakati hewani ni kama 340 tu.

Vijana wale wakirudi na kifaa, kompyuta huigeuza sauti kuwa picha: muda unakwenda kulia, sauti nyembamba inakaa juu na nzito chini. Kamba wanaonekana kama mvua ya vistari. Baruti, ile ya kulipulia samaki, ni ukuta mmoja mweusi.

Hapo kwenye baruti naomba wazee wanisikilize. Mwaka 2015 watafiti walikokota haidrofoni nyuma ya chombo kando ya pwani ya Tanzania, na katika saa 231 za kusikiliza wakathibitisha milipuko 318. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na hadithi yake, na wakubwa wakitaka ushahidi cha kuwaonyesha kilikuwa kidogo. Mimi nilirudi kwenye mwamba wa baba baada ya miaka ya baruti, nikalala kifudifudi vilevile, mtu mzima na miwani yangu. Nikasikia mlio mmoja mmoja, kama kaa la mwisho jikoni. Nililia, wala sioni haya kukuandikia.

Na mwamba ukinyamaza, hasara haiishii kwenye masikio. Samaki wachanga huanza maisha bahari kuu, na wanaporudi kutafuta makazi huifuata sauti ya mwamba. Kule Great Barrier Reef, Australia, wataalamu waliweka spika kwenye matumbawe yaliyokufa na kupiga sauti ya mwamba wenye afya kwa siku 40. Samaki waliofika walikuwa mara mbili ya pale palipoachwa kimya. Matumbawe yenyewe hayafufuki kwa spika, lakini samaki wanakuja.

Kwa hiyo wapokeeni vijana hao, ila msiwe wabeba nanga tu. Waambieni kila mwamba jina lake, upi ulipigwa baruti na lini, upi unapona. Halafu wadaini waje na spika pale bandani penu, muisikie bahari yenu.

SWALI: Mwalimu, tunakaa kando ya msitu wa Amani. Usiku juu ya miti kuna kitu kinapiga mayowe, watoto hawalali. Ni nini?

JIBU: Kwa vile ni usiku na ni juu ya miti, nadhani ni perere, mnyama mdogo kama sungura anayelala kwenye mashimo ya miti. Hana ubaya na mtu. Kumwona ni shida, kwa hiyo watafiti humtafuta kwa mlio wake, wakitundika vinasa sauti mitini usiku kucha. Vya nchi kavu hunasa na sauti za watu, hivyo mkiona kimetundikwa njiani kwenu bila kijiji kuulizwa, mna haki ya kuhoji. Watoto wape daftari: kila yowe waandike saa, na limetokea upande gani wa nyumba. Wakifikisha wiki mbili, nitumieni.