Nyanya Zilinitia Aibu, Boga Likanifuta Machozi

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Shikamoo mama. Nyanya zangu zimenyauka zote ndani ya wiki, na majani bado ya kijani. Niliuza simu kununua mbegu. Nifanyeje?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Huyo ni mimi wa miaka mitatu nyuma.

Nilikuwa nimeachishwa kazi. Kiinua mgongo nikakimalizia nyuma ya nyumba hapa Gungu, Kigoma: miche 400 ya nyanya, samadi, dawa, bomba la kupulizia. Nikahesabu matenga kabla ua moja halijachanua. Shemeji yangu kila akipita, "Mama Ofisi kashika jembe!" Tunacheka wote.

Mchana mmoja nikakuta miche mitatu imelegea. Nikasema ni kiu hii, nikaimwagilia. Jioni ikainuka, kesho yake ikalala na majirani zake. Nikazidisha maji. Bwana shamba alipokuja alikata shina moja, akalisimamisha kwenye glasi ya maji safi, vikashuka vinyuzi vyeupe kama maziwa. Mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Na maji yangu ndiyo yaliyoutembeza mche kwa mche. Shemeji alicheka siku hiyo pia. Mimi sikucheka, na hilo bado sijalimeza.

Kwa hiyo mwanangu, ng'oa yote uchome. Usirudishe hapo nyanya wala ndugu zake: biringanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo. Weka mahindi misimu kadhaa. Jembe ulioshe kabla hujaenda nalo kwingine. Na usiuze kitu kingine cha ndani.

Mimi nilisusa. Miezi sikanyagi kule nyuma, nafungua mlango kumwaga maji ya vyombo tu. Mvua za Novemba zikaja, boga likajiotea jaani, hakuna aliyelipanda, likapanda uzio. Asubuhi moja natoka kuanika kanga, nakuta maua ya manjano yamefunguka kama viganja, nyuki wanatoka humo wamejaa unga wa maua mpaka miguuni. Nikageuza ndoo nikakaa. Chai ikapoa ndani. Saa nne yalikuwa yameshajifunga.

Umri wote huu nala maboga, na majani yake kwa mawese, sikujua ua lake lina saa zake. Ningejuaje? Saa hizo nilikuwa nagombania daladala.

Sasa nayajua. Jike lina kiboga kidogo chini ya ua, dume lina kikonyo kitupu. Mvua ikizuia nyuki, nachuma ua dume, nang'oa petali zake, nampaka jike unga wake mwenyewe. Kiboga kisichopata unga hugeuka manjano kikadondoka. Mafungu ya majani napeleka soko la Mwanga, na shemeji hununua. Simpunguzii.

Vijana, mnapenda bustani ya kupiga picha ya mavuno. Kaeni nayo hata isipokuwa na cha kuuza! Amkeni mapema, acheni simu (wewe umeshaiuza, sijui ulimwazima nani kuniandikia), tazameni kinachoota bila ruhusa yenu. Mimi niliyetazama shamba kama mshahara, lilinilipa kama mwajiri wangu alivyonilipa.

Niishie hapa. Jioni hii nimeona matumba mawili ya majike yameanza kuwa manjano kwenye ncha, yaani kesho yanafunguka, na mawingu yametanda upande wa ziwa. Saa kumi na mbili asubuhi lazima niwe kule na dume mkononi.