Mbolea, rutuba au virutubisho?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Uyole, Mbeya, nalima saladi kwenye mabomba ya maji, bila udongo. Ndoo zangu mbili za kulishia miche mimi naziita "mbolea ya maji", mwenzangu anasema "virutubisho", mke wangu anasema "rutuba". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kila mmoja ameshika neno zuri, ila hayafanyi kazi moja.

Rutuba ni hali ya mahali. Udongo wa volkano wa Rungwe una rutuba, lakini hakuna duka linalokupimia kilo mbili za rutuba. Neno lenyewe lilitoka Kiarabuni likiwa na maana ya unyevu, kwa hiyo mama hajapotea mbali. Hata hivyo, kwa matumizi ya leo ningeuachia udongo neno hilo.

Mbolea ni kitu unachonunua na kutia. Wakulima wa mahindi huko kwenu husema "ya kupandia" na "ya kukuzia", Kiswahili safi kabisa. Kirutubisho ni kile ambacho mzizi unafyonza: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, chuma. Mfuko mmoja wa nitrati ya kalsiamu ni mbolea moja yenye virutubisho viwili.

Tazama ndoo zako. Ukiimimina nitrati ya kalsiamu pamoja na salfeti ya magnesiamu zikiwa bado nzito, kalsiamu na salfeti hushikana zikawa jasi nyeupe, ambayo mzizi hauwezi kuifyonza, na jasi hiyo hutuama chini. Mbolea yote imo ndooni, hukupunja hata kijiko, na bado mmea umekosa kirutubisho. Ndiyo sababu ndoo ni mbili, na ndiyo sababu nayapigania maneno haya mawili yasichanganywe: mkulima mwenye neno moja tu ataongeza mbolea juu ya jasi.

"Mbolea ya maji" ina utata. Dukani ni ile ya chupa, ya kunyunyizia majani. Kama yako ni ya chengachenga, iite "mbolea ya kuyeyusha".

Ngeli nayo: virutubisho *vimepungua*, si *zimepungua*. Nalisikia kosa hili kila wiki. "Virutubishi" pia lipo, hasa kwenye lishe ya watu, limeundwa kama "kiunganishi". Silikatai, ila usiyachanganye yote mawili katika andiko moja.

Kwenye ndoo andika "Mbolea A" na "Mbolea B". Kwenye tangi, "Maji ya virutubisho".