Kuhusu mabaki ya kambi za kazi za shuruti

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kuchunguza kambi za kazi za shuruti zilizotelekezwa, ilhali nyaraka za serikali bado zipo. Kwa maoni yangu, nyaraka hizo zenyewe ndizo zinazolazimu uchunguzi, kwa kuwa ziliandikwa na wasimamizi, nao walikuwa na sababu nyingi za kuficha.

Chukua mfano wa reli ya Salekhard hadi Igarka, kaskazini mwa Urusi, iliyoanza kujengwa na wafungwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1953 baada ya kifo cha Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti. Kwa kuwa eneo hilo ni la baridi kali na liko mbali na barabara, baadhi ya mabweni ya mbao, vitanda vya ghorofa, seli za adhabu na seng'enge vimesalia, ingawa paa nyingi zimeporomoka. Mtafiti akipima bweni na kuhesabu vitanda, anaweza kukadiria nafasi aliyopata kila mfungwa, jambo ambalo taarifa rasmi hulipamba.

Pasipobaki ukuta wowote, kazi huwa ngumu zaidi, lakini haishindikani. Katika kambi ya Sylt, kisiwani Alderney, kati ya Uingereza na Ufaransa, iliyokuwa chini ya SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani, kuanzia mwaka 1943, watafiti walitumia vipimo vya leza kutoka angani, wakafuatilia misingi iliyofunikwa na majani bila kufukua ardhi. Njia hiyo naipendelea, hasa panapohofiwa kuwa na makaburi.